Mshirika au Mshirikina?

Somo la wiki kwa ushirika wa nyumbani
Maandiko ya kusoma kabla ya kukutana: Hesabu 21:4-9, 2 Wafalme 18:1-6, 1 Samweli 4:1-11, Matendo 19:11-20, Yakobo 5:13-16



Vijana wetu wanaosoma vyuoni wakirudi likizo huja na swali moja, na mara nyingi sisi wakubwa hulijibu kwa ukali. Wanauliza hivi: Pasta, mtu akifunga hirizi kiunoni tunasema ni ushirikina. Mtu mwingine akibandika stika ya mtumishi wa Mungu juu ya mlango wa duka ili wateja waje, tunasema ni imani. Tofauti iko wapi? Sisi hujibu haraka haraka: ile ni ya shetani, hii ni ya Mungu. Basi, tunadhani mjadala umekwisha. Haujaisha. Kijana amenyamaza tu kwa sababu ya heshima, na akirudi chuoni atalijibu mwenyewe, na atalijibu bila sisi.

Mimi nasema swali hilo ni zuri, tena Biblia inaliuliza kwa ukali kuliko hao vijana. Wiki hii hebu tulitazame bila kuogopa.

Tuanze na neno lenyewe. Ushirikina ni neno lililotoka katika Kiarabu, shina lake ni lile la kushiriki. Maana yake ya asili ni kumwekea Mungu mshirika, yaani kuchukua kitu kingine, kukiweka kando yake na kukipa kazi yake. Majirani zetu Waislamu huita jambo hilo shirki, na kwao ni dhambi kubwa sana. Sasa angalia sisi hapa kanisani tunaitanaje. Tunaitana washirika. Tuna ushirika wa nyumbani Jumatano, tuna ushirika wa Meza ya Bwana. Shina ni lile lile. Mshirika na mshirikina wametenganishwa na silabi moja tu, na silabi yenyewe ni "na". Mungu na chumvi. Mungu na stika. Mungu na kitambaa cha mtumishi fulani. (Walimu wa Kiswahili mnisamehe, hii si kanuni ya sarufi. Ni ya kukusaidia kukumbuka.)

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo lugha yetu inatuambia ni kwamba ushirikina haukai ng'ambo ya mto kwa mganga peke yake. Unaweza kukaa kiti cha tatu kutoka mbele, Biblia mkononi.

Fungua Hesabu 21. Wana wa Israeli wamenung'unika, nyoka wamewauma, watu wanakufa. Mungu anamwambia Musa atengeneze nyoka wa shaba amweke juu ya mti, na aliyeumwa akimtazama ataishi. Ona vizuri: kifaa hiki hakikubuniwa na mganga. Mungu mwenyewe ndiye aliyeagiza. Kilifanya kazi. Kilikuwa na shuhuda za kweli kabisa. Kama kuna kitu chochote duniani ambacho mtu angeweza kusema hiki kina upako, ni hicho.

Sasa ruka mpaka 2 Wafalme 18. Imepita zaidi ya miaka 500. Mfalme Hezekia anaingia madarakani, anavunja mahali pa juu, anakata maashera, halafu anafanya jambo ambalo nadhani liliwatoa watu machozi: anamchukua yule nyoka wa Musa na kumvunja vipande vipande. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Akaitwa Nehushtani, jina linalosikika Kiebrania kama shaba na kama nyoka kwa pamoja. Yaani, hiki ni kipande cha shaba tu, jamani.

Fikiria kama ungekuwa mzee wa kanisa siku ile. Ungesema, mfalme, hiki ni kitu cha Musa! Babu yangu aliponywa na hiki! Na ungekuwa unasema ukweli. Lakini Hezekia alivunja, na Biblia inamsifu kwa hilo.

Kwa hiyo majibu yetu ya haraka yameanguka hapo. Hatuwezi kusema kitu fulani ni cha imani kwa sababu kilitoka kwa Mungu, kiliombewa, au kimo katika Biblia. Nyoka alikuwa na sifa zote tatu. Shaba haikubadilika hata kidogo kwa hiyo miaka yote. Kilichobadilika ni mahali ambapo macho ya watu yalikuwa yanaishia. Kwa Musa waliangalia shaba macho yakafika kwa Mungu. Kwa Hezekia macho yalifika kwenye shaba yakakaa hapo.

Sanduku la agano ni hadithi hiyo hiyo kwa njia nyingine, sitakaa sana. Israeli wamepigwa na Wafilisti, wamepoteza watu kama 4,000. Wazee hawaulizi Mungu anasemaje. Wanatuma watu Shilo kuleta sanduku, ndilo liwaokoe. Likaja, wakapiga kelele mpaka nchi ikatetemeka. Ibada ilikuwa moto! Matokeo: 30,000 wameanguka, sanduku limetekwa, Hofni na Finehasi wamekufa. Sanduku lilikuwa la kweli. Makuhani walikuwa na nasaba ya kweli. Hakuna kilichokuwa bandia isipokuwa namna walivyolitumia.

Sasa nataka tuingie kwenye shuhuda zetu, na hapa naomba mnivumilie.

Nilipokuwa nasoma biashara chuoni, kwenye somo la tabia ya mteja tulifundishwa habari ya mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner. Mwaka wa 1948 aliandika kuhusu njiwa aliowaweka na njaa kwenye vizimba. Chakula kilikuwa kinaingia kila baada ya muda fulani, kwa mashine, bila kujali njiwa anafanya nini. Baada ya muda, njiwa sita kati ya wanane walikuwa na kile ambacho ungeweza kuita ibada zao. Mmoja alikuwa anazunguka kizimba. Mwingine anasukuma kichwa kwenye kona. Wengine wanabembea kichwa kama pendulo ya saa. Kila mmoja alikuwa amejikuta anafanya kitu fulani chakula kilipoingia, akakishika. Chakula kingekuja hata angelala. Yeye hakujua.

Nilicheka darasani. Miaka hii ya utumishi nimeacha kucheka, kwa sababu nimekutana na ndugu ambaye hawezi kwenda kwenye mahojiano ya kazi bila ile shati aliyoombewa nayo, na dada ambaye akisahau chupa ya mafuta nyumbani anashuka matatu anarudi.

Na sisi viongozi tunasaidia hesabu hiyo iharibike. Chukua mfano. Tuseme kwenye kesha tumewapaka mafuta watu 60 wanaotafuta kazi. Baada ya miezi mitatu, wanane wamepata. Jumapili tunawaita mbele, wanane wanashuhudia, tunapiga vigelegele, na tunampa Bwana utukufu, ni haki yake. Lakini wale 52 wamekaa wapi? Wako hapo hapo kwenye viti, wanapiga makofi, na kila mmoja anajiuliza moyoni yeye ana kasoro gani. Hakuna mhasibu ambaye angekubaliwa kufunga vitabu vya mwaka akiwa ameandika faida tu. Angefukuzwa. Na hatujauliza wale 60 wengine wa mtaa huu ambao hawakupakwa chochote: kati yao wangapi walipata kazi miezi hiyo hiyo?

Sisemi Mungu hakuwapa wale wanane kazi. Naamini kila riziki inatoka kwake. Nasema kwamba kama tunataka kudai mafuta ndiyo yaliyofanya, basi tumejitia kwenye hesabu, na hesabu haitatupendelea. Imani haikuhitaji hesabu hiyo. Wewe unamshukuru baba yako kwa chakula cha jioni bila kuthibitisha kwamba usingeomba ungelala njaa.

Sasa tuje mahali ambapo jambo hili linauma.

Kitu cha kishirikina kikishindwa, hakijawahi kukubali kwamba kimeshindwa. Umeona hivyo? Mafuta yakikosa kuleta wateja, husikii mtu akisema, kumbe ni mafuta tu. Utaambiwa imani yako ni ndogo. Au mbegu uliyopanda ilikuwa ndogo, rudi kwa nambari ya paybill uongeze. Au, na hii ndiyo mbaya zaidi, kuna mtu anakuzuia. Nani? Hapo ndipo mama mkwe anaanza kutazamwa vibaya. Jirani wa kibanda cha pili ambaye mboga zake zinanunuliwa anaanza kusemwa. Shosho aliyebaki peke yake kijijini, macho mekundu kwa moshi wa kuni, anaanza kuogopwa na wajukuu wake.

Msidhani natia chumvi. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa na kundi la watu waliowashuku kuwa wachawi. Wanne. Ushirikina hutafuta mwenye makosa mpaka umpate. Linganisha na Bwana wetu. Katika Luka 13 anatajiwa Wagalilaya waliouawa, na yeye mwenyewe anaongeza wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anakataa kabisa kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Katika Yohana 9 wanafunzi wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu. Anawakatalia tena. Mahali ambapo maombi yanaishia kwa kumnyooshea mtu kidole kwamba ndiye aliyefunga nyota yako, ndugu yangu, ondoka. Hata kama kuna msalaba ukutani.

Na kuna dawa. Hapa naandika kwa moyo mzito, kwa sababu katika mwaka huu nimeketi na zaidi ya familia moja ambayo ilisimamisha dawa za mtoto mwenye kifafa baada ya kuombewa mahali. Waliambiwa kuendelea kumeza ni kumwambia Mungu haujapokea. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na linaweza kuua. Haya si maoni ya pasta, kamuulize daktari au nesi yeyote. Vivyo hivyo na za presha, za sukari, na zile za virusi vya ukimwi. Na tusijidanganye kwamba sisi Wakenya hatujui mafundisho yakipotoka yanafika wapi. Mwaka wa 2023, kule Shakahola, Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni. Watu walikuwa wamefunga kula mpaka kufa, wakiwa wameaminishwa kwamba wanakwenda kumlaki Yesu. Waliingia kule wakiimba nyimbo kama zetu.

Mtu mmoja makini ataniuliza: Pasta, si umesema "na" ndiyo shida? Mungu na Panadol si ni ushirikina pia?

Swali zuri. Jibu ni kwamba dawa haijakaa kwenye kiti cha Mungu. Ni kiumbe kama ugali. Ina kipimo chake, ina madhara yake yameandikwa kwenye karatasi ndani ya boksi, na ikikosa kufanya kazi unarudi kliniki unabadilishiwa. Hakuna mfamasia aliyewahi kukuambia kwamba tembe zimeshindwa kwa sababu hukumwamini. Kitu ambacho kinakubali kupimwa na kukosolewa hakidai kuabudiwa. Kitu ambacho hakikosolewi hata kikishindwa mara kumi, hicho ndicho kimejifanya mungu.

Tena mtazame Paulo. Matendo 19 inasema leso na nguo zilizotoka mwilini mwake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Hilo andiko tunalipenda sana, limeuza vitambaa vingi Afrika Mashariki. Lakini soma barua zake. Timotheo, mwanawe wa kiroho, ana shida ya tumbo na maradhi ya mara kwa mara. Paulo angeweza kutia leso ndani ya bahasha, si ndiyo? Badala yake anamwambia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Timotheo 5:23), ndiyo dawa ya siku hizo. Na Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Paulo yule yule wa zile leso. Hakufanya leso kuwa mfumo. Hata Luka anaandika kwamba Mungu ndiye aliyefanya miujiza hiyo, tena anaiita isiyo ya kawaida. Isiyo ya kawaida haiwezi kuwekwa kwenye ratiba ya kila Ijumaa saa tatu usiku.

Mistari miwili mbele, wana saba wa Skewa wanajaribu kutumia jina la Yesu kama neno la kufungulia mlango. Wanalitamka sawasawa, hakuna herufi waliyokosea. Wakatoka nje uchi na majeraha. Kwa hiyo hata jina la Yesu, jina lenyewe wapendwa, mdomoni mwa mtu asiyemjua Yesu linageuka kuwa mantiki ya mganga: sema hivi, mara kadhaa, kwa sauti hii, na mambo yatatokea.

Je, sasa tofauti ipo au haipo? Ipo. Lakini mtu wa nje hataiona kwa macho, na mara nyingine hata wewe mwenyewe hutaijua mpaka ujaribiwe. Mtu aliyepiga magoti na mtu aliyefunga hirizi wanaweza kuwa na hofu ile ile na haja ile ile. Mimi huangalia mambo mawili.

La kwanza, je, unachokiamini kinaweza kukuambia hapana? Hirizi haisemi hapana, ni kama mashine: umelipa, itoe. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataiinamia sanamu. Mshirikina hawezi kusema maneno hayo ya pili. Kwake, asipookolewa, hakuna kilichobaki. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe na akanyimwa, na hakutafuta mtumishi mwingine mwenye upako mkali zaidi. Neno imani lina shina moja na amana na uaminifu. Ni jambo la kumwamini mtu, na mtu ana hiari yake.

La pili, je, kinakuuliza chochote kuhusu maisha yako? Mganga hakuulizi kama umemlipa dada wa kazi mshahara wake. Anataka kuku na pesa. Lakini soma Isaya 58: watu wamefunga, wanalalamika Mungu haoni, naye anawajibu kwa kuwauliza wanavyowatendea vibarua wao. Katika Yeremia 7 watu wanalitaja hekalu tena na tena kama kinga, na nabii anawauliza habari za mgeni, yatima na mjane. Ndiyo maana mimi huogopa mafuta ambayo mtu anaweza kujipaka asubuhi na kwenda kupunja mizani mchana, na bado yakafanya kazi. Hayo ni mafuta ya aina gani?

Basi kwa nini sisi bado tunapaka mafuta? Kwa sababu Yakobo 5 inatuelekeza. Lakini isome taratibu. Mgonjwa anawaita wazee wa kanisa, kwa hiyo ni watu wanaomjua. Wanaomba. Wanampaka kwa jina la Bwana. Yakobo hasemi mafuta yatamwokoa mgonjwa, anasema kule kuomba kwa imani, na Bwana ndiye atakayemwinua. Halafu inafuata kuungamana dhambi na kuombeana. Chupa haiuzwi. Hakuna chupa ya kubeba nyumbani. Ukitoa wazee, maungamo na maombi, ukabaki na chupa peke yake kwa shilingi 500, umebaki na Nehushtani.

Neno moja kuhusu Efeso, halafu tumalize. Wengi wa waliokuja kuungama na kuchoma vitabu vya uganga walikuwa tayari wameamini. Walikuwa washirika, na vitabu viko kabatini. Thamani ilihesabiwa vipande vya fedha 50,000. Wafasiri wengi huchukulia kipande kimoja kuwa ujira wa siku moja. Ukifanya hesabu ya siku 300 za kazi kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya miaka 160 ya jasho la mtu mmoja. Kama mtu wa biashara nawaza, si wangeviuza walete fungu la kumi? Walivichoma. Walijua anayenunua angefungwa na kile kilichowafunga wao.

Kwa ushirika wa nyumbani, zungumzeni haya, na kiongozi asimkimbize mtu. Kuna kitu nyumbani au dukani kwako ambacho ukikitoa utaogopa? Ni nini hasa unaogopa kitatokea? Mara ya mwisho jambo lilipoharibika, ulimshuku nani, na umewahi kumsalimia tangu siku hiyo? Kati ya wale ambao maombi yao bado hayajajibiwa katika kikundi chenu, ni nani hajawahi kupewa nafasi ya kuongea?

Maombi ya wagonjwa yataendelea kila Jumapili baada ya ibada ya pili, pale mbele, pamoja na wazee. Mafuta ni yale ya zeituni ya dukani, hayauzwi, na yatabaki mezani. Mwenye dawa aje nazo. Tutaomba pamoja naye, na saa yake ya kumeza ikifika, mashemasi watamletea maji.